Nukta Juu ya Fataki

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuulizwa maana za maneno. Aghalabu anayeuliza huwa ni mwalimu, na jibu baya hutupotezea alama mbili au tatu. Mimi niliwahi kuulizwa na mama mmoja, jirani yetu huko Keroka, mji ambao Kisii na Nyamira zinaugawana, na jibu langu likamliza.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo ndefu. Mwanawe, askari polisi aliyekuwa akifanya kazi mbali na kwetu, alikuwa ameshtakiwa kwamba katika ugomvi alimwelekezea mwenzake bunduki ya AK akavuta kifyatulio, ila risasi ikakataa kulia. Mwenyewe alishikilia kuwa aliikoki tu kwa kutisha, kisha akaitoa risasi ile. Ripoti ya uchunguzi wa risasi ilimfikia mama ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, naye akamletea "mtoto wa chuo kikuu". Niliisoma upesi, nikiona fahari ya kutegemewa, nikamfasiria kwa Kiswahili kwa kuwa Ekegusii changu hakina neno la fataki: "Fataki ina alama ya kugongwa na pini."

"Aliyeigonga ni nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Alijifunika uso kwa leso, akaenda zake akilia.

Pengine baadhi ya wasomaji wanaijua fataki ya sherehe tu. Fataki ninayoizungumzia ni kile kikombe kidogo cha madini kilichopachikwa kwenye kitako cha risasi. Ndani yake mna kemikali inayowaka ikibanwa ghafla. Mtu akivuta kifyatulio, nyundo huipiga pini, pini huipiga fataki, na cheche zake huiwasha baruti. Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba pini inaweza kuifikia fataki bila kidole cha mtu kugusa kifyatulio.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, mwanajeshi mstaafu ambaye siku hizo alikuwa akichonga mawe ya sabuni huko Tabaka. Nilimpata amekalia gunia, miguu myeupe kwa vumbi la mawe. Nilipomsomea tafsiri yangu alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mpwa wangu, umemfunga kijana wa watu."

Alichukua kipande cha jiwe kilicholowa maji, akakisimamishia patasi na kuiachilia idondoke kwa uzito wake tu. Ikabaki nukta ndogo. Halafu akaipiga patasi kwa nyundo. Likabaki shimo. "Zote mbili ni alama za patasi," akasema.

Kisha akanieleza. Katika bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe, kama vile AK, SKS na M16, pini imeachwa huru, haina springi ya kuirudisha nyuma. Bunduki inapokokiwa, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba huenda mbele kwa kasi na kusimama ghafla. Pini iliyo ndani yake haisimami papo hapo. Huendelea mbele kidogo, kama abiria wa matatu dereva anapokanyaga breki, ikaidonoa fataki na kuacha nukta katikati. Bunduki ya G3, ambayo polisi wetu pia wameibeba kwa miaka mingi, ina springi ya kuizuia pini yake, kwa hiyo mtu aliyeizoea hiyo peke yake huishangaa nukta kwenye risasi ya AK. Ndiyo sababu vikombe vya fataki za kijeshi hutengenezwa vigumu, donoo dogo lisije likaziwasha. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walilazimika kuipunguza uzito pini ya M16, kwa sababu risasi zilikuwa zikilia pasipo mtu kuzifyatua.

Akaongeza jambo ambalo ripoti haikulitaja. Askari akikoki bunduki anapoingia zamu, akaitoa risasi anapomaliza, kisha akairudisha juu ya zile nyingine, kesho yake ni ileile itakayotangulia kuingia. Hudonolewa siku baada ya siku.

Ndani ya matatu ya kurudi nilikuwa na kitenzi kimoja tu kichwani. Kutendwa kwa Kiswahili humwita mtenda. Ukisema kitu kimegongwa, msikilizaji atangoja "na nani", na tena kugonga kuna nguvu na nia ndani yake. Nilikuwa nimeteua neno linaloiweka nyundo mkononi mwa mtu. Nami ni mzaliwa wa Ekegusii, lugha ambayo ndani yake mama huitwa "baba" na baba huitwa "tata". Nilipaswa kujua mapema kuliko wengi jinsi neno sahihi linavyoweza kumpotosha msikilizaji.

Nilimkuta mama akichuma majani chai. Nikamweleza yote, kwa jiwe na kwa patasi. Alisikiliza bila kuitua kapu mgongoni.

"Kwa hivyo hakuvuta?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nyundo yenye springi iliyochoka, au pini iliyojaa uchafu, nayo huacha alama hafifu baada ya kifyatulio kuvutwa. Mpimaji hodari hulinganisha kina cha alama hiyo na za risasi nyingine zilizopitishwa katika bunduki ileile. Ripoti ile ilisema tu kwamba alama ilikuwepo na kwamba haikuwa ya kina.

"Alama haisemi kwamba alivuta," nikamjibu. "Wala haisemi kwamba hakuvuta."

"Basi ungesemaje siku ile?"

"Ningesema fataki imeguswa."

"Imeguswa," akarudia polepole. Alipangusa vidole, akaitoa ile karatasi kifuani, imekunjwa mara nne, akanipa pamoja na kalamu.

"Iandike hapo nyuma. Wakili anakuja Jumatatu."