Gari ndogo ya mazutu, kilo 750 tu

Lubumbashi – Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja. Wa kwanza anachoma mikate, wa pili anauzisha unga, wa tatu ni kijana mwenye kutengeneza meza na viti. Wote wanataka kujua: mtu mwenye pesa kidogo, ambaye mzigo wake haufiki tani moja, anunue gari gani ya kazi isiyomla? Wananiuliza mimi sababu wanajua yaya yangu ana Toyota TownAce ya mazutu, na mimi ndiye mwenye kuandika daftari lake la matumizi. Basi nijibu hapa, ili nisirudilie mara tatu.

Kwanza mjue pesa ile ilitoka wapi. Yaya ni mjane, ana watoto wanne masomoni. Kila asubuhi anafuata mboga kwa walimaji wa barabara ya Kipushi, lengalenga, matembele na shu, anazileta soko la Kenya (Kenya komini yetu, siyo nchi), ambako wamama sita wanamngojea. Zamani alikuwa akikodi gari ya mtu. Mwenye gari alikuja saa aliyotaka yeye: leo saa kumi na mbili, kesho saa tatu. Na lengalenga ikifika sokoni saa tano, majani yamelegea, haina bei tena. Mnunuzi anaigusa na kupita. Zamu ya yaya katika likelemba ilipofika, akaunganisha pesa ile na akiba yake yote. Ndani yake kulikuwa minervali ya watoto. Gari ikifa, masomo yanasimama. Ndiyo maana hakutafuta gari ya kupendeza. Alitafuta gari ambayo fundi wa jirani anaweza kuifungua na kuifunga.

Hapo ndipo mazutu inaingia, tena mazutu ya zamani. Injini ya gari yake inaitwa 2C, ni ya lita mbili, haina turbo, haina ordinatere ya kuiongoza. Pompo ya mazutu inazungushwa na injini yenyewe, na injekta zinafunguka kwa presha ya bar 150 hivi. Gari za mazutu za kisasa, kama zile zilizoandikwa D-4D, zinafanya kazi kwa presha inayopita bar 1,000. Kwa presha ya namna ile kila kitu ndani kimechongwa kwa ufundi wa nywele, na maji kidogo ao vumbi laini yanatosha kuharibu injekta. Sasa nani kati yetu hajawahi kununua mazutu kwa kadhafi, katika bidoni ya njano, sababu stesheni ilikuwa na foleni? Injini ya zamani nayo haipendi maji. Lakini inakohoa, inatoa moshi, inakupa muda wa kufika garaji. Ile ya kisasa inakuachia katikati ya barabara, na garaji zenye mashine ya kuipima hapa mjini si nyingi, wala si za bei yetu.

Yaya ana chupa ya glasi anayotembea nayo. Akinunua mahali asipopajua, anajaza chupa, anaiacha imetulia wakati wanapakia. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini, na mstari unaonekana kwa macho. Kadhafi wengine wamemnunia kwa ajili ya chupa hiyo. Wengine wamezoea, tena wanamchagulia bidoni safi.

Siseme kila mtu anunue mazutu. Wewe wa mikate, unayezunguka Katuba na Kamalondo na kilo mia mbili, ukisimama kila kona, gari ndogo ya esansi inakutosha, na asubuhi itawaka bila maneno. Mazutu inalipa pale ambapo mzigo ni mzito na barabara inaendelea. Yaya anafanya kilometa 60 hivi kwenda na kurudi, anatumia lita sita. Nimepima mara nyingi, gari ikiwa imejaa na ikiwa nusu, haijatoka mbali na hapo.

Kununua ndiko kulikotuchosha. Tuliona gari tatu. Ulikuwa mwezi wa sita, na mji huu uko kwenye meta 1,200 juu ya bahari. Asubuhi ya mwezi wa sita si ya mchezo. Injini ya namna hii haiwake kwenye baridi kama buji za kupasha moto zimekufa. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua afya yake aikute imelala. Gari ya kwanza tuliikuta inanguruma saa kumi na mbili na nusu. Yaya akagusa kifuniko cha injini, akasema: « Papa, pole na kuamka mapema. Tutarudi kesho, lakini kesho usiiwashe. » Kesho yake yule papa hakupatikana, na simu yake haikuita.

Gari ya pili ilikuwa na rangi mpya inayong'aa. Fundi wetu hakuangalia rangi, alilala chini. Akatoka akitikisa kichwa. Ilikuwa gari ya kubeba watu, wametoa viti tu. Ile iliyotengenezwa kwa mzigo ina, nyuma, resori za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ile ya watu ina resori za kujiviringa, na ukizipakia unga zinalala chini kama mbwa aliyechoka. Kwa macho ya mtu aliyesimama, gari hizo mbili ni mapacha.

Ya tatu iliwaka baada ya kusubiri taa ya buji izimike, ikatoa moshi mweupe kidogo, kisha hewa ikawa safi. Fundi alikuwa amefungua radiatere ingali baridi. Akaangalia maji wakati injini inazunguka. Yakitoa mapovu bila kuisha, ujue kulasi imepasuka ao jointi yake imeungua. Akafungua kifuniko cha mafuta ya injini: hakuna kitu cheupe kama maziwa. Tukaanza kupatana bei.

Kabla gari haijabeba hata fungu moja la matembele, yaya alibadilisha mukanda wa ndani, ule wa distribisio. Kilometa zilizoandikwa kwenye tablo nani anaweza kuziapia? Mukanda huo unatakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000, na ukikatika supape zinagongana na pistoni, injini imekwisha. Shemeji mmoja alisema ni kupoteza pesa, gari inatembea vizuri. Yaya hakubishana naye, alilipa tu.

Adui mwingine ni joto. Injini iko chini ya viti vya mbele, haipati hewa ya kutosha, na kulasi ya 2C ni ya aluminiamu, inapasuka ikichemka. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, ndio mwezi mbaya. Mwaka huo radiatere ilianza kuvuja, na mshale ukapanda tukiwa karibu kufika mjini. Shofere alizima hapo hapo. Walingoja karibu saa nzima kabla ya kuongeza maji, na wamama sokoni walikuwa wanapiga simu wakilia mboga zao. Kumwaga maji baridi kwenye injini inayowaka moto kungeokoa lengalenga ya siku moja na kuua gari. Radiatere mpya ililipwa na sanduku. Kila siku ya kazi yaya anaweka humo bei ya lita mbili za mazutu, hata siku ambayo faida ni ndogo. Vidange, filta, mipira, yote inatoka humo. Pesa ya masomo haijaguswa.

Sasa nifike kwenye kilo. Karatasi ya gari inasema 750. Unga wa kilo 25, hiyo ni mifuko thelathini. Mboga hazina shida, zinajaa gari kabla hazijafika uzito huo. Lakini mchana gari inabaki bure, na mfanyabiashara mmoja wa unga alikuja na kazi ya kila siku: mifuko hamsini kwa safari. Hesabu ni rahisi, kilo 1,250. Alileta pesa mkononi. Shofere, ambaye ni mtoto wa shangazi yetu, alikuwa tayari amefungua mlango. Kila mtu hapa anaona gari hizi zikipita zimeinua pua juu na mkia unakaribia lami, na zinafika. Yaya akasema thelathini, ao safari mbili. Yule mfanyabiashara akacheka, akaenda kwa mwingine.

Miezi miwili gari ililala mchana. Katika ukoo walisema mama huyu anajivuna, anakataa pesa akiwa na watoto wa kulisha. Mimi nilikuwa upande wake, na bado niko. Breki za gari hii zilitengenezwa kwa uzito ulioandikwa, na ukishuka kwenye mteremko nyuma ya lori la mgodi, hakuna mtu wa ukoo atakayekusaidia kusimama. Sasa anabebea maduka mawili maji ya chupa, si kila siku. Kazi ya mchana haijajaa, siwadanganye.

Kuna jambo moja ambalo wanaouzisha hawalisemi. Gari hizi zinatoka Japani, zinashuka Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Zambia. Njia hiyo yote ni ya kutembea upande wa kushoto, na usukani wa kuume uko mahali pake. Zikivuka Kasumbalesa, tunatembea kuume, na kila kitu kinageuka. Shofere anakaa upande wa majani, hawezi kuona mbele ya lori bila kutoa gari nzima nje. Kijana wa mizigo ndiye anayemwambia « pita » ao « ngoja ». Tena gari nyingi za namna hii zina mlango mmoja tu wa kusukuma, upande wa kushoto. Kule zilikotengenezwa, mlango huo unafunguka kwenye miguu ya watu. Hapa unafunguka katikati ya barabara. Mwaka jana kijana wetu alikuwa akishusha shu, motari moja ikapita karibu sana hata ikachukua fungu lililokuwa mkononi mwake. Tangu siku ile yaya amekataza mlango huo. Wanapakia na kushusha kwa mlango wa nyuma peke yake, ingawa kazi imekuwa ndefu.

Ameuliza mafundi wa kuchomelea wakate mlango upande wa kuume. Mmoja amekubali, anaomba siku mbili na pesa ambayo sanduku halijafikia. Fundi wetu hataki, anasema ukikata ubavu pasipo kuweka chuma cha kutosha, gari itajikunja kwenye mashimo ya mvua. Hawajaelewana. Kwa sasa, gari ikisimama, kijana anashuka wa kwanza na kitambaa chekundu, anakwenda kusimama nyuma, ndipo wengine wanaanza kushusha.