Perth na Mtu Aliyepiga Mpira kwa Ngumi

Kama umewahi kusimama ufuoni Mombasa alfajiri, msomaji, umeliona jua likichomoza kutoka baharini. Ukibahatika kupata nauli ya kufika Perth, mji mkuu wa jimbo la Australia Magharibi, utaliona jua lilo hilo likizama katika Bahari iyo hiyo ya Hindi. Kwa hivyo watu wa Perth ni majirani zetu, ingawa wa mbali.

Ukitoka uwanja wa ndege kuelekea mjini, huenda dereva wa teksi akakupitisha katika barabara kuu iitwayo Graham Farmer Freeway. Inavuka mto Swan, kisha inatumbukia chini ya ardhi kwa zaidi ya kilomita moja na nusu, huku juu yako kukiwa na mtaa wa Northbridge. Ilifunguliwa mwaka 2000. Utadhani huyo Farmer alikuwa gavana au mhandisi mashuhuri. La, alikuwa mchezaji mpira.

Mpira wenyewe si kandanda unayoijua, wala si raga, ijapokuwa umbo la mpira ni la yai. Hata uwanja una umbo la yai. Kila timu ina wachezaji 18, na kila upande wa goli una milingoti minne isiyokuwa na mwamba. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili ya katikati, unapata pointi 6. Ukipita pembeni, pointi 1. Mchezaji anaruhusiwa kuushika mpira, lakini ole wake akiurusha! Akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, sharti aulaze juu ya kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Ikumbuke hiyo ngumi.

Graham Farmer alizaliwa mwaka 1935. Mama yake alikuwa wa kabila la Noongar, wenyeji asilia wa sehemu hizo. Kijana huyo alilelewa katika makao ya Sister Kate's, yaliyowekewa watoto wa damu mchanganyiko. Siku hizo serikali iliwatenga watoto wa aina hiyo na mama zao, kwa matumaini kwamba wangemezwa miongoni mwa wazungu na asili yao kusahaulika. Ni jambo la kutia uchungu, na haikuwa mpaka mwaka 2008 ambapo Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba msamaha bungeni. Juu ya hayo, Farmer aliugua polio akiwa mtoto, na mguu wake mmoja ukabaki mfupi kuliko mwingine. Makaoni walimwita Polly, jina ambalo Waingereza huwapa kasuku, kwa sababu hakujua kunyamaza.

Enzi hizo pasi ya ngumi ilikuwa ya mtu aliyebanwa, ambaye hana nafasi hata ya kuinua mguu. Mwanamume kamili alipiga teke. Farmer hakuyaamini hayo. Inasimuliwa kuwa alipofanya kazi katika yadi ya magari, alijizoeza kuupitisha mpira kwa ngumi kwenye madirisha ya magari yaliyoegeshwa. Nikiwaza kidogo, naona dirisha lilikuwa mwalimu mkali: ukikosa shabaha unavunja kioo cha mwenyewe.

Kazi yake uwanjani ilikuwa kuruka juu refa anapoudundisha mpira katikati. Wenzake warefu waliuchapa tu popote, Mungu akipenda utamfikia mtu wao. Farmer aliruka mapema, akaunyaka, na mara nyingi kabla hajatua vizuri mpira ulikuwa umeshamfikia mwenzake anayekimbia, hatua nyingi mbele. Hapo mchezo uliokuwa wa kusimama na kupiga teke ukawa wa mbio.

Mwaka 1962 alihamia klabu ya Geelong, upande wa pili wa nchi. Katika mechi yake ya kwanza aliumia goti. Mwaka uliofuata Geelong ikatwaa ubingwa kwa kuishinda Hawthorn, na Bill Goggin, kijana aliyezoea kuzipokea pasi zile, akapata sifa zake.

Wengine walikuwa wakitazama. Katika fainali ya mwaka 1970 jijini Melbourne, mbele ya watu 121,696, Carlton ilikuwa nyuma kwa pointi 44 wakati wa mapumziko. Kocha wao, Ron Barassi, mpinzani wa Farmer siku alipokuwa mchezaji wa Melbourne, aliwaagiza vijana wake wapige pasi za ngumi bila kukoma. Walishinda kwa pointi 10. Wengi huitaja siku hiyo kama siku mchezo wa kisasa ulipozaliwa. Mimi nasema ulizaliwa kule yadini.

Farmer alirejea Perth, akaiongoza West Perth kutwaa ubingwa mwaka 1969 na 1971 akiwa nahodha na kocha. Baadaye akarudi Geelong kuifunza, Mwaborijini wa kwanza kuwa kocha katika ligi ile. Lakini kule kuruka na kugongana kwa miaka mingi kulikuwa na deni lake. Uzeeni kumbukumbu zilimtoroka. Alifariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 84, na familia yake ikaruhusu ubongo wake uchunguzwe. Mwaka 2020 madaktari walitangaza kuwa alikuwa na CTE, ugonjwa unaosababishwa na kichwa kugongwa mara kwa mara. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa mpira huo kugunduliwa nao. Hata katika hili aliwatangulia wenzake.

Barabara yake inapouvuka mto, utaona uwanja mkubwa wa watu wapatao 60,000, uliofunguliwa mwaka 2018. Shuka uutembelee. Nje kuna sanamu ya Nicky Winmar akiinua fulana na kuonyesha ngozi yake nyeusi, kama alivyofanya Melbourne mwaka 1993 baada ya mashabiki kumtukana. Miongoni mwa waliocheza ligi hii miaka ya karibuni yumo Aliir Aliir, aliyezaliwa kambini Kakuma, hapa kwetu Kenya, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Sudan Kusini.

Msimu huanza Machi na kwisha Septemba. Ukipata tikiti, usiikodolee miguu pekee. Tazama mikono.