Fimbo mbili kwa 205

Nilimchapa mtoto kwa sababu alifikiri. Mwanzoni nilijiambia kwamba nilichapa uzembe, au kelele za darasa. Si kweli.

Nilikuwa nafundisha darasa la pili katika shule moja ya Muleba. Siku hiyo nilisoma namba, watoto waandike: ishirini na tano. Mmoja akaandika 205. Nikamkemea, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akaandika tena 205. Nikamchapa fimbo mbili viganjani. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka anayechapa awe mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Mimi sikuwa na karatasi yoyote. Kisha nikaandika kwa kalamu nyekundu: hajui namba.

Sasa tazameni alichofanya. Ishirini anaijua, ni 20. Tano ni 5. Mwalimu kasema ishirini na tano, basi 20 halafu 5. Alinifuata neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Kwa njia hiyo hiyo mtoto huambiwa mia na nne akaandika 1004. Kilichobaki kilikuwa kumwonyesha kwamba 2 hukaa nafasi ya makumi, na ile sifuri ya 20 inashikilia tu nafasi ya mamoja mpaka mamoja yenyewe yaje. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Sikuifanya, niliwakaririsha.

Na neno lenyewe halikumsaidia. Ishirini limetoka Kiarabu, na mtoto hasikii ndani yake mbili wala kumi. Kihaya cha kwao kinasema makumi abili, makumi mawili, hesabu nzima iko mdomoni. Kihaya hicho nilikuwa nimekipiga marufuku darasani, mimi niliyenyonya nacho huko Bukoba.

Mtoto aliacha kuja shule. Wiki ya pili nikaenda kwao, nikiwa bado nimejiandaa kumgombeza. Nilimkuta kibandani na bibi yake, wanapanga maparachichi ya mchuuzi: mafungu mawili ya kumi kumi, na matano pembeni. Nikamuuliza ni mangapi. Alimtazama bibi kwanza, ndipo akajibu kwa Kihaya kwamba ni makumi mawili na matano, bila kuhesabu upya.

Nikachukua kijiti, nikaandika 205 chini mbele yake. Nikamwambia hii ni mia mbili na tano. Ndiyo haya?

Akayatazama mafungu, akaitazama ile namba, akatikisa kichwa. "Hayo hatuna, Mwalimu waitu."

Nikafuta sifuri kwa kidole. Akasogeza fungu moja, kisha la pili, karibu na ile 2, na yale matano akayaweka kwenye 5. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo.

Nilimwomba radhi pale pale, bibi yake akisikia. Hakuniangalia usoni. Aliangalia kijiti mkononi mwangu, mpaka nilipokiweka chini.