Mzinga wa Kumi

Mikumi ni mbali na bahari. Sisi tukaao bwenini hapa huona malori ya barabara kuu ya Zambia, na pengine tembo wa mbugani, lakini manowari hatuioni. Basi msishangae, wasomaji wapenzi, nikiwaambia kwamba muhula uliopita kitanda changu kiligeuka kiwanda cha meli.

Mjomba wangu ni baharia. Aliniletea sanduku dogo lenye vipande vya manowari Königsberg, vilivyomiminwa kwa resini katika kalibu. Kila sentimeta moja ya mfano ule ni mita saba za meli yenyewe. Ndiyo kusema meli ya mita 115 imekuwa sentimeta 16 na nusu tu, na kila mmoja katika mizinga yake kumi mikubwa ni mdogo kuliko punje ya mpunga.

Kazi hii yataka subira. Kwanza vipande huoshwa kwa maji ya sabuni, kwa kuwa mafuta ya kalibu huikataa gundi. Kisha hukatwa kwa wembe na kupigwa msasa katika maji, maana vumbi la resini ni baya kwa mapafu. Mwili wa meli yangu ulikuwa umepinda kama ndizi, nikakata tamaa. Rafiki yangu wa kitanda cha jirani, mwenyeji wa Utete, ndiye aliyeomba maji ya moto jikoni. Akautumbukiza, ukalainika, tukaubana kwa vitabu viwili vya Fizikia hata ukapoa. Ukanyoka.

Usiku alinisimulia habari za kwao. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja, kisha ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa na manowari Severn na Mersey, ikaishia pale pale. Lakini mizinga yote kumi iliopolewa, ikavutwa nchi kavu na kutumika vitani. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hata leo.

“Walioivuta ni nani?” aliniuliza. “Ni babu zetu. Nao hawamo katika sanduku lako.”

Jumapili moja nilihesabu mizinga yangu, nikapata tisa. Nikainua godoro, nikafagia chini ya vitanda, wapi! Ulimi hauna mfupa. Nikasema mbele ya bweni zima: “Warufiji wamezoea kuificha Königsberg.”

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifungua sanduku lake, akatoa vitu kimoja kimoja akavipanga kitandani: sare, madaftari, hata barua za mama yake. Kisha akavirudisha vyote bila kusema neno. Tangu siku ile hakunisimulia tena.

Jumamosi iliyofuata, nikifua shuka langu, kitu kilinichoma kidole. Ulikuwa mzinga wa kumi, umenasa katika pindo. Nilikaa pale bombani muda mrefu. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Meli ingeweza kusimama na mizinga tisa, na nani angehesabu? Lakini yeye angehesabu.

Usiku ule, kabla ya taa kuzimwa, nilisimama mbele ya bweni lile lile na mzinga kiganjani. Nikasema nilipouona, nikamwomba radhi. Wenzangu walicheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Rafiki yangu akanitazama.

“Ungeniuliza tu,” akasema. Kisha akachukua kibanio, akaubandika mzinga mwenyewe.

Sasa meli iko juu ya kabati la darasa letu. Mkiitazama vizuri mtaona mzinga mmoja umekaa upande kidogo. Nimeshauriwa niunyooshe, nami nimekataa.

Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, kitu chenu kikipotea, kung’uteni kwanza shuka zenu wenyewe.