Safari Mbili za Sinia

Mpwa wake aliniandikia kutoka Goa kunitaarifu kwamba mzee amefariki dunia, na kwamba ndani ya sanduku lake la bati walikuta, pamoja na vitabu vyake vya ubaharia na rozari ya marehemu mkewe, kawa moja ya chuma iliyobonyea upande, ambayo hakuna hata mmoja katika jamaa zake aliyefahamu ilikuwa ya kazi gani, wala sababu ya mtu mzima mwenye akili zake kuihifadhi miaka yote hiyo baina ya vitu vyake vya thamani. Mimi naifahamu kawa hiyo, maana aliyeibonyeza ni mimi. Na kwa kuwa sasa nimestaafu, na wakati ninao, naona ni wajibu wangu kueleza habari za mtu huyu na za kazi iliyotukutanisha, yaani kazi ya kuchukua chakula cha ukumbini na kukifikisha chumbani kwa abiria wa meli ya matembezi, kazi ambayo watu huidhania kuwa ni ya miguu tu.

Habari za utoto wangu sitazirefusha. Nilizaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, mwaka 1957, mtoto wa tatu wa mama aliyesuka mikeka na kawa za ukindu. Nikasoma chuoni, nikasoma skuli hadi ada ilipotushinda, kisha nikaingia kazi ya kuandika meza katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Mwaka 1989 meli ya watalii iliyotia nanga Kilindini ilipungukiwa na wahudumu, nikapanda kwa mkataba wa miezi tisa, na miezi tisa hiyo ikazaa miaka thelathini na mmoja. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimehamishiwa meli iliyotoka Miami kila Jumamosi kuzunguka visiwa vya Karibi, yenye abiria 1,200. Huko ndiko nilikomkuta mzee, naye ndiye mkuu wa pantri ya vyumbani.

Nilimwita Anko, kama Wagoa wenzake walivyomwita. Alikuwa ameanza ubaharia katika Kampala, meli ya kampuni ya British India iliyokwenda kutoka Bombay hadi Durban na kupita kwetu, kisha akatumika katika Uganda, ile iliyotoka London kuja Mombasa kabla ya kugeuzwa, mwaka 1968, kuwa meli ya safari za wanafunzi. Kilindini aliijua kuliko nilivyoijua mimi, na Kiswahili chake, ingawa kilikuwa cha bandarini, kilitosha kunikaripia. Siku yangu ya tatu, tukipita mlango wa bahari wa Yucatán na chombo kikienda mrama, nilijikwaa kwenye kizingiti cha mlango wa moto, na sinia, supu, samaki, kawa na mimi mwenyewe tukateremka ngazi pamoja. Alinitazama kwa muda, akaiokota kawa, akaipangusa kwa kitambaa chake, akasema, "Kijana, umeshika sinia kwa mikono miwili. Bahari umeishika kwa nini?" Tangu siku hiyo sinia yangu hukaa juu ya kiganja cha kushoto, kwenye usawa wa bega, na mkono wa kulia huwa mtupu kwa ajili ya mhimili na milango.

Yafaa nieleze desturi yenyewe kwa asiyepata kusafiri. Katika meli nyingi abiria aweza kupiga simu saa yoyote akaletewa sandwichi, saladi au keki chumbani. Lakini katika zile saa ambazo ukumbi wa kulia umefunguliwa, na zamani zetu zilikuwa duru mbili, ya saa kumi na mbili jioni na ya saa mbili na robo usiku, aliruhusiwa kuagiza chochote kilichoandikwa katika orodha ya ukumbini ya usiku ule, kuanzia supu hadi kitamutamu. Ni ruhusa nzuri kwa abiria na ni balaa kwa mhudumu, kwa kuwa chakula hicho hakipikwi pantrini kwetu. Hupikwa katika jiko kubwa, na wewe wa vyumbani hupaswa kuteremka na kupanga foleni pamoja na wahudumu wa ukumbini, kila mmoja wao akiwa na meza mbili tatu zinazomngojea na sinia ya sahani kumi na mbili zilizopandanishwa kawa juu ya kawa, nao hukutazama kama mwizi aliyekuja kuchukua sahani moja ya samaki ambayo wao walikwisha kuihesabu kuwa ni yao. Nimesukumwa katika foleni hiyo, nimetukanwa kwa lugha saba, na katika mwezi wa Ramadhani nimesimama humo na tende mfukoni nikingoja magharibi, mbele yangu mvuke wa vyungu ishirini. (Kuhusu mvinyo niliobeba katika maisha yangu, hilo ni baina yangu na Mola wangu, na jawabu yangu ninayo.)

Watu huuliza, ni nani huyo aliyelipia safari nzima, na ukumbi una taa za bilauri na mpiga kinanda, naye akataka kula chumbani? Wengine, ni kweli, ni wavivu, na usiku wa mavazi rasmi, ambao ndio usiku wa kambakochi, simu yetu ilikuwa hainyamazi kwa sababu ya wanaume waliompenda kambakochi na kuichukia tai. Lakini Anko alinifunza kwamba wengi si hao. Kulikuwa na bwana mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka baada ya kupooza, na meza za ukumbini siku hizo zilikuwa za watu wanane, wageni mtupu, waliopangwa pamoja juma zima. Mkewe alikwenda ukumbini kwa ajili ya heshima, akala kidogo na kusimulia uongo kwamba mumewe ana kichefuchefu. Mume alibaki chumbani, akaagiza orodha nzima kila usiku. Usiku wa pili Anko aliichukua nyama ya bwana yule, akaikata vipande pantrini kwa kisu chembamba, kisha akavikaribisha tena vipande hivyo kimoja kwa kimoja na kumwagia mchuzi juu ya maungio, hata ukiitazama ungesema haijaguswa. Hakuambiwa afanye hivyo. Alikuwa ameona katika sinia ya jana, iliporudi, kwamba mboga zimeliwa na nyama ina alama za uma tu.

Sasa nije kwenye lile jambo ambalo mpaka leo hunipandisha sauti. Anko alishikilia kwamba chakula cha ukumbini, hata kikiliwa kitandani, kina haki ya kufika kwa zamu yake: supu, saladi na mkate katika safari ya kwanza, nyama au samaki katika safari ya pili, baada ya dakika ishirini, pamoja na kitamutamu kisichoogopa kungoja. Sinia mbili, safari mbili, hodi mbili. Hoja yake ilikuwa nyepesi mno hata watu wakaidharau. Ukipeleka vyote kwa pamoja, alisema, umempa mgeni vyakula vitatu na wakati wa kula kimoja. Akinywa supu, nyama inapoa. Akikimbilia nyama, supu inapoa. Na barafu ya maziwa haimngoji yeyote.

Na kawa, wanangu, si dawa. Kawa ya ukindu aliyoisuka mama yangu hupumua. Mvuke hupenya katika masuko, wali ukabaki mkavu. Kawa ya chuma haipumui. Mvuke hugonga dari yake na kurudi chini kama mvua, na kila kilichokaangwa hulowa kabla hujafika sitaha ya pili. Kwa hiyo Anko hakukubali chipsi wala samaki wa unga kupita mlango wa pantri, na mgeni akivitaka alishawishiwa kwa upole achukue viazi vya kuponda. Nyama huendelea kuiva chini ya kawa, basi aliiomba jikoni ikiwa nyuma kwa daraja moja ya ile aliyoitaka mgeni. Mchuzi husafiri katika kikombe chake, mbali na nyama. Supu haizidi theluthi mbili ya bakuli. Bahari ikichafuka, kitambaa hulowekwa maji na kutandikwa juu ya sinia, nazo sahani hushika kama zilizogundishwa. Na suflei haitoki jikoni kabisa: humwambia mgeni ukweli kwamba itakuwa imekwisha kunywea kabla lifti haijafunguka, ukampa keki.

Sikukubaliana naye katika kila jambo. Yeye aliwapelekea hata wagonjwa wa bahari safari mbili, kwa itikadi kwamba heshima haina likizo. Mimi naona kuwa mtu ambaye matumbo yake yanakwenda mrama pamoja na chombo, kumgongea mlango mara ya pili ni kumdhulumu. Mpe tofaa la kijani, mkate mkavu na tangawizi, umwache na ukuta wake. Tulibishana hivyo hadi alipostaafu mwaka 1996, wala hakuna aliyeshinda.

Miaka minane baadaye akaja mkubwa mpya, kijana aliyetoka katika hoteli za nchi kavu, mwenye saa ya kupimia wakimbiaji. Sitamtaja, wala meli sitaitaja. Alizipima nyayo zetu juma moja, kisha akabandika kanuni ukutani: agizo moja, safari moja, dakika thelathini. Nami nitasema haki yake kabla ya kusema yangu. Tulikuwa wachache, lifti za wahudumu zilikuwa mbili, nazo zilijaa mashuka na mapipa, na safari mbili kwa kila chumba zilituchelewesha kweli. Lakini nilipomwambia kwamba nyama inafika imekufa, alinionyesha kipimajoto. Wakaguzi wa afya wa Marekani hupanda melini bila ya taarifa na kutoa alama katika 100, na meli ipatayo 85 au chini yake imeanguka. Kwa hiyo kila mkubwa huota kipimajoto usingizini, na kanuni ya wakati huu ni kwamba chakula cha moto kishikwe kwa nyuzi 57 au zaidi na cha baridi kisipite 5. Ni kanuni njema, imeokoa matumbo mengi. Ila hueleza kama chakula kitakudhuru. Kama kitakupendeza, haina habari. Nikaendelea na safari mbili kwa vyumba nilivyoona vinastahiki, nikimaliza ya pili katika muda wangu wa mapumziko, hata nikapewa barua ya onyo iliyosema kuwa nimekiuka utaratibu. Ninayo bado. Sioni haya kuionyesha.

Enyi vijana mnaoshika kazi hii leo, nasikia sasa mgeni huagiza kwa programu ya simu, akagusa picha ya samaki na picha ya supu, na chiti ikajichapa yenyewe pantrini pasi na neno kusemwa. Ni wepesi, siukatai. Lakini Anko alikuwa akipokea simu kwa mkono wake mwenyewe, na kwa sauti tu alitambua huyu anatapika, huyu ana mgeni asiyetaka ajulikane, huyu amekuwa akilia; na sinia ilipangwa kwa kufuata sauti ile. Ikiwa sauti mmenyimwa, basi tazameni sinia zinaporudi! Zitazameni kabla ya kuzimwaga! Zile zilizoachwa nje ya milango, ambazo nyinyi huziruka kama mizoga, zina habari za mgeni kuliko karatasi yoyote atakayoijaza mwisho wa safari.

Mkataba wangu wa mwisho ulinikuta baharini mwaka 2020. Februari ile tulisikia habari za Diamond Princess iliyozuiwa Yokohama kwa ajili ya korona, na watu 3,711 ndani yake, abiria wamefungiwa vyumbani na mabaharia wenzetu wakiwapelekea chakula mlango kwa mlango, meli nzima imekuwa vyumba vya kuletewa. Machi zikasimama na zetu. Abiria walishuka, sisi tukabaki tumetia nanga, na kwa ajili ya kutenganishwa tukapewa vyumba vya abiria, kila mtu na chake, tusitoke. Hivyo ndivyo mimi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama upande wa nje wa mlango, nilivyojikuta upande wa ndani.

Niligongewa mara moja, nikasikia nyayo zikiondoka. Nilipofungua, sinia ilikuwa chini, juu ya zulia. Supu ya viazi, kuku na chipsi chini ya kawa, na bakuli la barafu ya maziwa, vyote kwa pamoja. Nilianza na barafu, kisha supu, kisha kuku. Chipsi sikuzila.

Nimemwandikia mpwa wake kwamba kawa ile waiweke, wasiiuze kwa wanunuzi wa vyuma. Nawe msomaji, ikiwa Mungu atakujaalia kupanda meli na usiku mmoja usiwe na hamu ya kuonana na watu, pokea ruhusa hiyo bila ya haya, agiza utakacho katika orodha ya ukumbini, isipokuwa vya kukaangwa, na kabla hujaiweka simu mwombe karani akuletee supu kwanza na nyama baada ya dakika ishirini. Akikwambia kanuni hairuhusu, kata simu, kisha agiza mara mbili.