Kilimambogo na Maji Tunayotawadhia



Ndugu wasomaji, tulipokwenda Ruiru kuunga udugu, mwenyeji wetu alitupeleka Ol Donyo Sabuk, mlima ulio mbele ya Thika ambao wenyeji huuita Kilimambogo. Kimo chake chazidi mita 2,100, nao ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1967. Msitu umeufunika hadi karibu na kilele. Anayetaka kwenda kwa miguu hufuatana na askari wa wanyamapori, kwani wenye mlima ni nyati. Sisi tulikwea kwa gari. Juu tulikuta ukungu, na majani yakidondosha maji ilhali mvua haikunyesha.

Niliwaambia watoto kuwa kuhifadhi ardhi si jambo geni katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqii, karibu na Madina, kuwa malisho ya farasi wa Waislamu, na akakataza kukatwa miti ya haram ya Madina.

Kisha tuliteremka hadi maporomoko kumi na manne ya mto Athi, chini ya mlima. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Mke wangu akainama kutawadha, akainuka na mikono mikavu. Maji yalikuwa na povu na harufu, na chupa za plastiki zimekwama maweni.

"Maalim, haya yanatawadhika?"

Maji mengi hayanajisiki ila yabadilike rangi, ladha au harufu kwa najisi. Kwa kuwa mto huu hupokea maji machafu ya mijini, sikuthubutu kusema ni tohara. Tukatawadha kwa maji ya dumu, kidogo kidogo. Mtume alitosheka na kibaba kimoja.

Baada ya sala akaniuliza mto ule waelekea wapi. Nikamweleza: mto wa Nairobi na mto Ruiru huishia katika Athi, Athi ukipita Tsavo huitwa Galana, na ukifika kwetu ndio Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho, vilivyo kando ya Sabaki, hupeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Mchanga huyachuja, alhamdulillahi, lakini asili ni mto huo huo.

Akanyamaza kitambo. "Basi anayetupa nepi mtaroni Ruiru, amempelekea mamake Malindi."

Sikuwa na la kuongeza. Mtume alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, akaonya juu ya kujisaidia penye vyanzo vya maji. Aliye juu ya mto ana haki ya kutumia, na aliye chini ana haki ya kufikiwa na maji safi.

Wazazi wenzangu, mkiwazuru wanenu Thika na Ruiru, wapelekeni wajukuu Kilimambogo wauone msitu. Na kabla ya kuagana, ulizeni kwa upole: taka za nyumba hii huenda wapi?

Wabillahi tawfiq.