Karakana ya kromu, Kamalondo

Juma lililopita tulienda Kamalondo, hapa Lubumbashi, katika karakana inayorudishia mng'aro vyuma vya pikipiki na robine za zamani. Watoto wetu wawili wanataka kujifunza kazi ile, tukaona afadhali tuione kwanza.

Mlangoni ni kelele. Vijana wanasugua bomba la moshi kwa gurudumu la kitambaa linalozungushwa na mota, vumbi jeusi limewafika mpaka kope. Fundi alisema kazi kubwa iko hapo, maana kromu haifichi mkwaruzo, inauonyesha. Kisha kifaa kinaoshwa mafuta, kinachovywa katika asidi kuondoa kutu, na kila kikitoka chombo kimoja kinasuuzwa kabla ya kuingia kingine. Hayo maji ya kusuuza tutayarudia.

Ndipo umeme unaingia. Kifaa kinafungwa kwenye waya wa hasi na kuzamishwa. Vipande vya nikeli viko kwenye waya wa chanya. Umeme ukipita, nikeli inayeyuka polepole na kwenda kujishika kwenye kifaa. Wamama waliokaa Likasi wataelewa upesi: kule Shituru shaba inatolewa katika asidi kwa umeme vilevile, mpaka inakuwa mabamba.

Kromu inakuja mwisho, dakika chache tu. Safari hii waya wa chanya una risasi, isiyoyeyuka; kromu inatoka katika maji yenyewe, mekundu kama mawese yaliyoungua. Tabaka lake ni jembamba kuliko unywele zaidi ya mara 100. Kumbe anayezuia kutu hasa ni nikeli ya chini. Kromu inamlinda nikeli asififie.

Maji yale yanatoa mapovu, na mapovu yanarusha mvuke unaochoma. Mtu akiuvuta miaka mingi, unamletea vidonda puani, hata ukuta wa katikati ya pua unatoboka, na unaweza kumletea kansa ya mapafu. Kijana aliyesimama pale alikuwa na glovu mkono mmoja. Feni hakuna. Mama mmoja akamuuliza kama pua inamtoka damu. Akatazama chini: “Wakati mwingine, mama.”

Tuliulizwa pia habari ya vijiko vya nyumbani. Kromu iliyokwisha kuganda juu ya chuma haina sumu ya yale maji mekundu. Tena vijiko vya inoksi havikupakwa kitu; kromu imechanganywa ndani ya chuma chenyewe, zaidi ya 10 kwa 100.

Sasa yale maji ya kusuuza. Yanamwagwa mferejini, rangi ya manjano, na mfereji unapita kando ya bustani ambako wenzetu wanamwagilia lengalenga. Dawa ipo: maji yakusanywe katika pipa, yatiwe sulfiti mpaka yageuke kijani, kisha chokaa, na matope yanayotuama chini yawekwe mbali na maji na bustani. Mwenye karakana alisema dawa ni ghali. Tulimwuliza bei ya robine moja anayopaka, akanyamaza, halafu akakubali kutafuta pipa.

Watoto wetu wawili wanangoja mpaka feni ifungwe. Jumatano saa nne asubuhi tunarudi kule pamoja na shefu wa kartie. Wenye bustani kando ya mfereji waje nasi, na kabla ya siku hiyo wasichote maji pale.